Otenyo: Shujaa wa Gusii ambaye mkuki wake ulilipiwa kwa mifugo ya jamii nzima

VIJANA wa Kisii na Nyamira wanapotaka kujua jinsi Mzungu alivyoingia katika milima ya Gusii, jibu la wazee huanza na jina moja: Otenyo Nyamaterere. Huyu ndiye kijana aliyemdunga mkuki afisa wa serikali ya kikoloni mnamo Januari 1908. Huyu pia ndiye ambaye jamaa zake wameshikilia kwa zaidi ya karne moja kwamba alipouawa, kichwa chake kilikatwa na kusafirishwa hadi Uingereza.

Mkuki na kichwa ndiyo mambo mawili yaliyosalia midomoni mwa watu. Hata hivyo, kuna jambo la tatu ambalo halizungumzwi sana, ilhali ndilo lililobadilisha maisha ya Abagusii kuliko hayo mawili. Jambo hilo ni ng'ombe. Ugomvi kati ya Otenyo na Mzungu haukuwa wa heshima peke yake. Ulikuwa pia ugomvi wa mali, na Mzungu aliposhinda, alijilipa kwa mali.

Mtu asipoyaelewa hayo, atamwona Otenyo kama kijana mwenye hasira tu aliyechomoa mkuki na kuiponza jamii yake. Akiyaelewa, ataona chanzo cha umaskini ambao athari zake hazijafutika.

Nchi ya mifugo

Otenyo alikuwa wa ukoo wa Bogeka, katika eneo la Kitutu. Siku hizi Kitutu imegawanyika kati ya kaunti mbili: Kitutu Chache iko Kisii na Kitutu Masaba iko Nyamira. Wakati huo mipaka hiyo haikuwapo. Ilikuwa nchi moja ya milima na mabonde, na mwamba wa Manga uliinuka juu yake kama ukuta.

Abagusii hawakuwa na mfalme mmoja. Walikuwa na makundi makuu saba, yaani Kitutu, Nyaribari, Wanjare, Bassi, Majoge, Mugirango Kaskazini na Mugirango Kusini. Kila kundi lilijiamulia mambo yake, na mara nyingine makundi hayo yaligombana yenyewe kwa yenyewe. Magharibi walipakana na Waluo, mashariki na Wakipsigis, na kusini na Wamaasai. Mipaka hiyo yote ililindwa kwa mikuki, kwa maana kilichotafutwa mpakani kilikuwa kimoja: mifugo.

Ng'ombe alikuwa benki ya Mgusii. Kijana hakuweza kuoa bila ng'ombe wa mahari. Mara nyingi ng'ombe walioletwa nyumbani dada alipoolewa ndio hao hao waliotolewa kumwolea kaka yake. Kwa hivyo, ndugu hao wawili walifungamana maisha yao yote kwa sababu ya kundi moja la mifugo. Ng'ombe alimaliza ugomvi, alilipa fidia ya mtu aliyeuawa, alitolewa kafara kwa wahenga na alitoa maziwa ya watoto. Boma lililopoteza ng'ombe halikupoteza chakula tu. Lilipoteza ndoa, urafiki na nafasi yake miongoni mwa watu.

Mali hiyo haikuachwa nyumbani kwa wazee. Ilitunzwa katika ebisarate, yaani kambi za mifugo zilizokuwa mbali na makazi, ambamo vijana wa kiume waliishi pamoja. Humo walichunga, walijifunza vita na walifundishwa wajibu wao kwa ukoo. Ebisarate zilikuwa hazina, kambi ya jeshi na shule kwa wakati mmoja. Vijana wa rika la Otenyo walilelewa katika maisha hayo.

Aidha, walikua wakisikia sifa za vita vya Saosao, ambapo Abagusii waliwashinda Wakipsigis waliokuja kuteka mifugo. Vita hivyo vilipiganwa karibu mwaka 1890. Funzo ambalo kizazi hicho kilipata lilikuwa wazi: adui anayekuja kuchukua ng'ombe hupigwa, na akipigwa vilivyo huenda asirudi.

Adui wa aina nyingine

Mnamo Desemba 1901 reli kutoka Mombasa ilifika ukingoni mwa Ziwa Victoria, mahali ambapo leo ni Kisumu. Mwaka uliofuata Uingereza ilihamisha eneo lote la mashariki mwa Uganda na kulitia katika himaya ya Afrika Mashariki. Kwa kalamu hiyo, Abagusii walijikuta chini ya serikali ambayo wengi wao walikuwa hawajaiona.

Waliiona mnamo 1905. Majirani zao Waluo walikuwa wamelalamika kwa serikali kwamba mifugo yao ilitekwa na watu wa Kitutu. Serikali ilituma kikosi cha askari wa King's African Rifles, ambao Waswahili waliwaita Keya, pamoja na polisi. Wapiganaji wa Gusii walikikabili kwa mikuki na ngao, kama walivyowakabili Wakipsigis. Walikutana na bunduki ya rashasha.

Afisa wa polisi Robert Foran, Mwingereza aliyekuwa katika msafara huo, alikuja kuandika kwamba bunduki hiyo ilifyatuliwa kwa muda mrefu hadi ikawa moto kuishika, na kwamba mamia ya wapiganaji walianguka wakiwa wafu na majeruhi. Askari waliondoka na mifugo. Hiyo ndiyo iliyokuwa kodi ya kwanza ya Abagusii kwa serikali ya Uingereza.

Mwaka 1907 serikali ilirudi, na mara hii ilirudi ili ikae. Kituo kilijengwa Getembe, mahali ambapo sasa ni mji wa Kisii, na wenyeji wakapaita Bosongo, yaani kwa Wazungu. Afisa aliyepewa kituo hicho alikuwa Geoffry Northcote, kijana aliyesomea Oxford na ambaye alikuwa bado hajatimiza umri wa miaka 27. Ulimi wa Abagusii ulilainisha jina lake likawa Nyarigoti, na hadi leo ndilo jina linalotumika katika masimulizi.

Nyarigoti alikuja na mambo mageni. Alidai kila nyumba ilipiwe kodi. Alitaka watu watoke kujenga barabara na majengo ya serikali. Aliamua kesi za mifugo na kutoza faini ambazo nazo zililipwa kwa mifugo. Kwa mtazamo wake, alikuwa akileta utaratibu. Kwa mtazamo wa watu wa Kitutu, alikuwa mtekaji ng'ombe ambaye hakuja usiku kama wengine, bali alikuja mchana na kuketi.

Moraa

Hadithi ya Otenyo haiwezi kusimuliwa bila Moraa, mke wa Ng'iti. Masimulizi mengine humwita mama mlezi wa Otenyo, mengine humwita shangazi yake. Yote yanakubaliana kwamba alikuwa mama mwenye umri mkubwa, mganga na mwaguzi aliyeheshimiwa katika Kitutu, na kwamba aliuchukia utawala wa Mzungu tangu siku ya kwanza.

Kabla yake kulikuwa na Sakawa, mwaguzi mashuhuri aliyeishi Nyakoe. Sakawa anakumbukwa kwa kutabiri kuja kwa wageni weupe na kujengwa kwa mji. Wapo walioupokea utabiri wake kama onyo kwamba wageni hao hawangeweza kuzuiwa. Moraa hakuupokea hivyo. Aliwakemea vijana kwa kuona mifugo ikiswagwa na kunyamaza. Inasimuliwa kwamba aliwapa dawa ya kuwakinga dhidi ya risasi, na kwamba aliwaambia wanaume kuwa wakishindwa kupigana, basi wanawake watachukua silaha na kwenda wenyewe.

Hadithi za namna hii zinapatikana katika jamii nyingi za Afrika Mashariki. Miaka mitatu kabla ya hapo, katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika, wapiganaji wa Maji Maji walikuwa wamekunywa maji ya Kinjeketile wakiamini kwamba risasi za Wajerumani zingegeuka maji. Mtu wa leo anaweza kucheka. Lakini dawa ya Moraa haikuwa ya ngozi peke yake. Ilikuwa dawa ya woga katika nchi iliyokuwa imeona rashasha ikifanya kazi, na ambamo kila ukoo ulijua majina ya vijana wake waliolala uwanjani mwaka 1905.

Miongoni mwa waliosikia maneno yake alikuwamo Otenyo.

Siku ya mkuki

Katikati ya Januari 1908, Northcote alitoka kituoni kwenda Kitutu kwa shughuli za utawala. Otenyo alimvizia njiani na kumdunga mkuki mgongoni. Afisa huyo alijeruhiwa vibaya lakini hakufa. Alinusurika na kurudishwa kituoni, huku Otenyo akitoroka.

Kwa muda mfupi habari ilienea vilimani kwamba Nyarigoti ameuawa. Watu walijiandaa kwa vita. Hali hiyo ilivuka mipaka ya Kitutu, na serikali ikahofu kwamba nchi nzima ya Gusii ingeinuka. Lakini mkuki huo uliokosa uhai wa mtu mmoja ndio uliofungua mlango wa adhabu ambayo haikuchagua mwenye kosa na asiye na kosa.

Kikosi kikubwa cha Keya kiliingia Gusii mwezi huo huo. Kilichofuata hakikuwa vita kwa maana ya kawaida, kwa sababu upande mmoja tu ndio uliokuwa ukifa. Askari walichoma nyumba, waliharibu mimea mashambani, waliwasaka watu waliokimbilia vichakani na kuswaga mifugo. Kufikia mwisho wa Januari, taarifa za serikali yenyewe zilihesabu ng'ombe zaidi ya 5,000 na mbuzi na kondoo zaidi ya 3,000 waliotekwa. Operesheni ilipokwisha, waliouawa walikuwa wamepita 200.

Tazama jinsi hesabu hiyo ilivyofanywa. Waliokufa na mifugo iliyotekwa viliandikwa katika telegramu moja, kama vitu vya aina moja katika daftari la duka. Ng'ombe walihesabiwa kwa uangalifu kuliko watu, kwa kuwa watu hawangeuzwa kufidia gharama za msafara.

Telegramu hizo zilifika London mezani pa Winston Churchill, aliyekuwa naibu wa waziri wa makoloni. Churchill alikuwa amezuru Afrika Mashariki miezi michache tu iliyotangulia, na mnamo Novemba 1907 alipita Kisumu, mwendo mfupi kutoka milima ya Gusii. Aliposoma idadi ya waliouawa, na kuona kwamba upande wa serikali haukuwa na hasara ya kulinganishwa nayo, alishtuka. Aliandika kwa wakuu wa himaya akihoji haja ya kuendelea kuwaua watu wasio na kinga kwa kiwango kikubwa namna hiyo, na kuonya kwamba jambo hilo lingeonekana kuwa ni uchinjaji.

Karipio hilo ni la kukumbukwa, maana halikutoka kwa mpinzani wa himaya bali kwa mmoja wa watumishi wake wakubwa. Hata hivyo, karipio halikurudisha ng'ombe hata mmoja. Waliokuwa wamekufa walikuwa wamekufa, na mifugo iliyokuwa imeswagwa haikuonekana tena Kitutu.

Kichwa kisicho na kaburi

Otenyo hakukaa mafichoni muda mrefu. Masimulizi ya jamii yake husema kwamba alikamatwa, akaletwa mjini na kuuawa kwa kupigwa risasi hadharani, ili wengine waone. Yanaendelea kusema kwamba kichwa chake kilikatwa na kutumwa Uingereza kama ushahidi au kama kumbukumbu ya ushindi, na kwamba kiwiliwili chake kilitupwa.

Moraa naye alisakwa. Inasimuliwa kwamba alipofikishwa mbele ya wakuu, walimwona ni bikizee tu na wakamwachilia. Labda hilo lilikuwa kosa lao la kutomwelewa. Hawakuamini kwamba aliyewasha moto mkubwa vile angeweza kuwa mama mzee aliyeegemea mkongojo.

Kisa cha kichwa kilichokatwa hakiko Kisii peke yake. Wanandi wana maumivu kama hayo. Kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliuawa Oktoba 1905 na afisa Richard Meinertzhagen katika mkutano uliodaiwa kuwa wa amani, na Wanandi wanaamini kwamba kichwa chake pia kilipelekwa Uingereza. Mwaka 2006 fimbo tatu za uongozi za Koitalel zilirejeshwa nchini na familia ya Meinertzhagen. Jambo hilo lilizitia moyo jamii nyingine kudai vilivyo vyao. Jamaa za Otenyo na viongozi wa Gusii wametoa ombi kama hilo mara nyingi.

Katika mila za Kigusii, mtu huzikwa kwake. Maiti isiyo kamili haizikwi kwa utulivu, na roho ya mtu wa namna hiyo haisahauliki. Ndiyo maana madai ya kichwa hayajazimika ingawa waliomfahamu Otenyo kwa macho wote wamekufa.

Njia mbili zilizoachana

Yafaa kuyalinganisha maisha ya wanaume wawili waliokutana njiani siku ile ya Januari. Walikuwa vijana wote wawili. Mmoja alikuwa na mkuki na ukoo nyuma yake, mwingine alikuwa na kalamu na himaya nyuma yake.

Northcote alipona na kuendelea na kazi. Alipanda cheo hadi Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, kisha Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Katikati ya miaka ya 1930 alifanywa gavana wa Guiana ya Uingereza, na mwaka 1937 akawa gavana wa Hong Kong, kisiwa na bandari iliyokuwa miongoni mwa makoloni yenye biashara kubwa zaidi ya Uingereza. Alipewa cheo cha Sir. Chuo cha ualimu kilipewa jina lake huko. Aliondoka Hong Kong Septemba 1941 kwa sababu ya afya, miezi mitatu kabla Wajapani hawajauvamia mji huo, na alifariki mwaka 1948.

Otenyo hakuzeeka. Hakujengewa chuo. Kwa miongo mingi jina lake lilikuwa katika vinywa vya watu tu, na wakati wa ukoloni hata huko lilitajwa kwa sauti ya chini. Si haki kumlaumu Northcote peke yake kwa yote yaliyotokea, maana alikuwa afisa mdogo aliyelala na jeraha wakati askari walipokuwa wakichoma nyumba. Lakini tofauti ya maisha hayo mawili inaonyesha jinsi mizani ya enzi ile ilivyopimwa.

Kutoka mfugaji hadi kibarua

Baada ya 1908 serikali ilijua mahali nguvu ya Abagusii ilipokuwa. Mnamo 1912 na 1913 ilipiga marufuku ebisarate. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuzuia wizi wa mifugo na vurugu za vijana. Matokeo yalikuwa makubwa kuliko hayo. Kambi ya jeshi ilivunjwa, shule ya vijana ilifungwa na hazina ya ukoo ilitawanywa nyumba kwa nyumba.

Wakati huo huo kodi iliendelea kudaiwa kwa fedha. Mwenye ng'ombe aliuza ng'ombe. Aliyekuwa amenyang'anywa ng'ombe hakuwa na cha kuuza ila nguvu za mwili wake. Kwa njia hiyo watoto wa wale waliokuwa matajiri wa mifugo walianza kutembea kwenda kutafuta kazi ya mshahara. Mashamba makubwa ya chai yalipofunguliwa Kericho katika miaka ya 1920, yalipata miongoni mwa Abagusii vibarua ambao tayari walikuwa wamezoea kuitafuta rupia, na baadaye shilingi.

Upinzani haukufa kabisa. Septemba 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, Wajerumani kutoka Tanganyika waliingia Kisii kwa muda mfupi na Waingereza wakaondoka. Wenyeji walivamia maduka, ofisi na misheni zilizokuwa zimejengwa miaka michache tu iliyotangulia huko Nyabururu na Nyanchwa. Waliona kwamba utabiri umetimia na Mzungu amekwenda. Alirudi, na adhabu ikarudi pamoja naye. Tena ililipwa kwa mifugo.

Baadaye dini ya Mumbo, iliyoanzia kwa Waluo mwaka 1913, ilienea Gusii ikiahidi kwamba Wazungu wangetoweka na mifugo ingejaa tena. Tafakari ahadi hiyo. Watu hawakuahidiwa dhahabu wala majumba. Waliahidiwa ng'ombe, kwa kuwa ndio walioondoka. Serikali iliikandamiza dini hiyo na kuwahamisha baadhi ya viongozi wake hadi pwani, mbali na watu wao.

Mali ilipoanza kurudi Gusii, ilirudi kwa njia nyingine na kwa watu wachache. Katika miaka ya 1930 serikali ilikubali hatimaye Waafrika wa Kisii walime kahawa, zao ambalo kwa muda mrefu lilikuwa la walowezi. Waliokuwa karibu na serikali ndio waliotangulia kufaidi. Machifu kama Musa Nyandusi wa Nyaribari na Zakaria Angwenyi wa Kitutu walikuwa na sauti, ardhi na njia za kusomesha watoto wao. Mwanawe Nyandusi, Simeon Nyachae, alikuja kuwa mfanyabiashara mkubwa na waziri, na alifariki mwaka 2021. Si kosa la mtoto kusomeshwa na babake. Lakini yafaa kukumbuka kwamba mstari kati ya mwenye nacho na asiye nacho katika vilima hivi haukuchorwa na bidii pekee. Sehemu yake ilichorwa katika miaka ile ambayo ng'ombe walihesabiwa kwa telegramu.

Kinachosalia

Leo vilima vya Gusii havina nafasi ya makundi makubwa ya mifugo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira. Kisii ina zaidi ya watu 900 katika kila kilomita mraba. Mashamba yamekatwakatwa kati ya wana na wajukuu hadi mengine hayatoshi kulisha nyumba moja. Ndugu hupelekana mahakamani kwa sababu ya vipande vya ardhi ambavyo babu zao wangevipita wakichunga.

Hatuwezi kusema kwamba yote hayo yaliletwa na msafara wa 1908. Watu wameongezeka, uchumi umebadilika na serikali za baada ya uhuru zina makosa yao. Hata hivyo, jamii iliyopoteza akiba yake kwa nguvu huanza safari mpya ikiwa nyuma, na anayeanza nyuma huchelewa kufika hata akikimbia.

Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilieleza majuto yake kwa mateso waliyoyapata wapiganaji wa Mau Mau na kukubali kuwalipa wadai 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Mfalme Charles wa Tatu alipozuru Kenya mwishoni mwa mwaka 2023, alieleza huzuni yake kwa ukatili uliotendwa enzi za ukoloni, lakini hakuomba msamaha rasmi. Fidia ya Mau Mau ilitolewa kwa watu waliokuwa hai na wenye makovu ya kuonyesha. Waliochomewa nyumba Kitutu mwaka 1908 hawakuishi hadi siku hiyo.

Yapo makumbusho yasiyohitaji fidia. Wasichana wa Gusii wanaendelea kuitwa Moraa. Mmoja wao, Mary Moraa, alitwaa dhahabu ya mbio za mita 800 katika mashindano ya dunia huko Budapest mwaka 2023, na dunia ikalisikia jina ambalo wakuu wa 1908 walidhani ni la bikizee asiye na maana. Wavulana nao wanaendelea kuitwa Otenyo.

Hayo ni mema, lakini hayatoshi. Kichwa kikirudi siku moja, kitazikwa kwa heshima, na viongozi watahutubu mbele ya kamera. Itakuwa vyema siku hiyo watoto wa shule za Kisii na Nyamira wasomewe pia hesabu ile ya mifugo, ili wajue kwamba Otenyo hakupigana kwa ajili ya fahari. Alipigania zizi. Na tangu zizi hilo lilipoachwa wazi, hakuna aliyekuja kulijaza.